Ilaze Kushoto

Mjukuu wangu Salumu,

Hapa Ziwani sote wazima, na mikorosho imeanza kutoa maua. Umeuliza kama babu yako aliagana vizuri na pikipiki yake.

Aliiuza kwa sababu macho yake hayaioni tena njia. Asubuhi ya kuiuza aliiosha polepole, kama mtu anayeogesha mtoto. Mnunuzi akapiga kiki, ikagoma. Akapiga tena. Babu yako akatazama pembeni, nikajua anaomba isiwake.

Nikakumbuka ujana wetu, ilipotuzimikia mchangani kule Msimbati. Aliilaza kushoto, akainong'oneza, ikawaka, tukarudi nyumbani tukinukia bahari na petroli.

"Mzee, mwambie mwenzio," nikasema.

"Atajifunza mwenyewe."

"Haya, basi ibaki. Kuku watapata pa kulala."

Akacheka, akaiendea, akaishika usukani.

"Ilaze kushoto, kijana, mafuta yashuke. Na usiipige kwa hasira."

Kijana akailaza, ikawaka mara moja, ikaondoka.

Siku hizi, pikipiki yoyote ikipita barabarani jioni, babu yako huinamia kushoto kidogo pale kitini. Nami niliye kando yake huinama naye.

Akupendaye,
Bibi yako