Pampu Niliyomchagulia Geesje

Kando ya Mfereji, Na. 41,
Meppel.
14 Novemba 2004

Mpendwa binamu Roelie,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na Douglas hamjambo, na kwamba theluji ya huko Kanada haijawazibia mlango. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto, nalo tumeshazoeana. Mama yako anakula vizuri na anagombana na wauguzi kila asubuhi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Sasa niseme linaloniuma. Nasikia unaanzisha tangi la samaki na mimea, la lita mia moja na sitini, na unataka ushauri wa chujio na pampu. Ukamwandikia Geesje. Dada yangu ana miaka minne tu katika mambo haya, mimi nina ishirini na sita. Tena ni mimi niliyekufundisha, ulipokuwa na miaka saba, kupanda mche kwa kibanio bila kuvunja mzizi. Nimeona wivu, Roelie. Juma zima nimelala nao na kuamka nao.

Hata hivyo nitakujibu. Nunua chujio la nje, lile la mtungi unaokaa kabatini chini ya tangi, na mipira miwili: mmoja unavuta maji, mwingine unayarudisha. Chujio la ndani hula nafasi ya mimea, na wewe unataka mimea.

Usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Hupimwa mtungi ukiwa mtupu. Ukishajaza sponji, na maji yakapanda hadi juu ya tangi, hupata kama nusu tu. Kwa tangi lako, pampu iliyoandikwa lita mia saba kwa saa inatosha. Muuzaji atakusukumia kubwa zaidi. Mkatalie.

Mdomo wa kurudishia maji uuelekeze kwenye kioo cha nyuma, uso wa maji utikisike kidogo tu. Uso huo ukitibuka sana, gesi ambayo mimea inaila inatoroka hewani, na utabaki na majani ya njano. Na sponji uioshe kwa maji ya tangi lenyewe, kamwe si ya bomba.

Haya yote nilikuwa nayajua mwaka jana pia. Ndiyo maana naona aibu kukuandikia linalofuata.

Unajua jinsi chama chetu cha wafuga samaki kinavyoshindanisha matangi: waamuzi huja nyumbani kwako, hupewa kahawa na biskuti moja, kisha hukaa kimya mbele ya kioo na daftari. Mwaka wake wa pili, Geesje alinipita kwa alama mbili. Nilimpongeza mbele za watu. Nilipofika nyumbani sikuweza kulitazama tangi langu.

Mwaka jana, wiki sita kabla ya ukaguzi, pampu yake ikafa. Akaja kwangu na mwavuli umelowa, akaniuliza anunue ipi. Tangi lake ni la lita mia moja na themanini. Nilimwambia lita elfu moja na mia tano kwa saa, na koki ya kupunguzia maji aiache wazi kabisa, asiiguse. Sikukosea, Roelie. Nilikusudia.

Ile safu yake ya majani mekundu, inayopanda ngazi kwa ngazi kutoka mbele hadi nyuma, ililala kama nywele zilizolowa. Miche midogo ikang'oka, akawa anaiokota kila asubuhi na kuipanda upya. Hakuja kulalamika hata siku moja.

Siku ya ukaguzi waamuzi walianzia kwake, wakaja kwangu jioni. Mzee Bouwmeester alichovya biskuti yake na kusema, "Wolter, una dada wewe. Nimemwambia, mama, punguza hiyo koki kidogo tu, mimea inateseka. Kanijibu, kaka yangu kasema isiguswe, na kaka yangu ndiye anayejua."

Nilishinda. Kikombe kiko rafuni, upande wenye jina langu nimeugeuzia ukutani.

Jumapili iliyopita Geesje alikuja kunywa kahawa, akanisomea barua yako yote. Nilikasirika waziwazi. Nikamwambia, "Kwa hiyo siku hizi wewe ndiye fundi?"

Akaikunja barua, akaiweka karibu na kikombe changu cha kahawa.

"Mjibu wewe, kaka. Mimi bado najifunza." Akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akafika mlangoni. "Ila Roelie mwambie kweli."

Alijua tangu mwanzo.

Jana nilimpelekea pampu yangu mwenyewe, ile ndogo iliyonipa ushindi. Tuliifunga pamoja. Alinipa ndoo nishike, tukazungumza habari za bei ya viazi. Kabla sijaondoka, safu ile nyekundu ilikuwa imeanza kuinua vichwa, na nilijua papo hapo kwamba ukaguzi ujao atanishinda kwa mbali. Wivu ulinipanda tena. Nikaendelea kushika ndoo.

Msalimie sana Douglas, na mwanao Hendrik, ambaye naambiwa ameshaota meno mawili. Mama yako anasema mvae soksi za sufu. Geesje anakusalimu, na ameniomba nikutumie mbegu. Nitazitia kwenye bahasha hii.

Mungu awalinde katika baridi hiyo, na maji yenu yawe maangavu. Ukiwa na swali jingine, mwandikie Geesje. Lakini nami niulize kitu, hata jina la mmea tu.

Akupendaye, na safari hii akwambiaye kweli,
Binamu yako Wolter