Simama Badala Yangu

Vibandani, nyuma ya reli,
Pune.
26 Septemba 2024

Mpendwa Dada Etwari,

Mwaka wa tatu umepita tangu nipande treni pale Hatia, nawe ukabaki umeshika nguzo ya kituo ukijifanya hulii. Hujambo? Mama je, miguu imepungua kuvimba? Na Shemeji Mangra, mpunga wake umeshika vizuri baada ya mvua kuchelewa? Mimi ni mzima, ila mgongo. Zege halina huruma na mtu wa umri wangu.

Najua ulinikasirikia kwa kutokuja kwenye sikukuu ya Sarhul. Ukweli ni kwamba niliogopa kuondoka. Mwenye kiwanja hiki anataka kutufukuza sote, na kibanda kisicho na mtu ndicho huvunjwa kwanza. Kilichokuwa kinamzuia ni amri ya mahakama tu, na amri hiyo ilikuwa inakwisha juzi Jumanne. Wenzangu wakanichagua niende mahakamani kwa niaba yao, eti kwa sababu nilifika darasa la saba.

Wakili wetu anaitwa Mama Shubhangi Ranade, mwembamba, ulimi mkali, moyo mwema. Shida ya mawakili wa hapa, dada, ni kwamba mmoja ana kesi katika vyumba vitatu asubuhi ileile. Karani akiita mlangoni naye hayupo, kesi inatupwa. Kwa hiyo wana desturi yao: ukibanwa kwingine, unamwomba mwenzako aliyemo chumbani asimame, amwombe hakimu kesi yako isogezwe nyuma kidogo. Hata mtu usiyepatana naye hukuombea, maana kesho atabanwa yeye.

Sasa, yupo binti mmoja, Tejaswini, fundi wa programu za simu. Mama Ranade alinisimulia habari zake. Kwanza alitengeneza programu ya kuwajulisha mawakili zamu zao, ikahesabu kesi kama zilivyopangwa kwenye orodha. Lakini hapa kesi haziendi hivyo. Zilizotangulia zikisogezwa, ya chini inaitwa wakili angali na kikombe cha chai mkononi. Programu ikawaponza watu. Mama Ranade akamwambia mbele ya wenzake, "Binti, wewe umetengenezea mahakama ya mbinguni. Njoo ukae kwenye hii yetu."

Mwingine angenuna. Yeye alikuja. Msimu mzima wa joto alikaa chini ya turubai la mawakili, akapanda nao ngazi, akawabebea mafaili, akawauliza kila kinachowachosha. Wakamtania kwamba bado koti jeusi tu awe wakili. Halafu akaenda akatengeneza nyingine, isiyo na mapambo. Wakili aliyebanwa anaiambia simu kwa mdomo, kwa Kimarathi, lugha ya hapa, maana mikono imejaa makaratasi, na mawakili waliomo katika chumba kile wanapata ujumbe: fulani yuko mahali fulani, simama badala yake. Ni desturi yao ileile, sasa ina miguu ya kukimbia.

Jumanne nilijionea mwenyewe. Asubuhi Mama Ranade aligombana na mzee mmoja, Wakili Gaikwad, kwa sababu ya kiti kimoja chini ya turubai. Mzee alisema alikikalia kiti kile kabla mama hajazaliwa. Mama akamjibu ndiyo maana kimeoza. Watu walicheka mpaka ndani.

Baadaye mama akaitwa ghorofa ya juu kwenye kesi ya dhamana, akaniambia nisibanduke. Hajarudi, karani akaita kesi yetu. Nilisimama, nikaonyesha ghorofa ya juu kwa kidole. Wakili wa mwenye kiwanja akasema upande wetu hauna mtu, amri ife. Hakimu akashika kalamu. Dada, akilini niliwaona watoto wa majirani zangu wamekaa barabarani na masufuria.

Mara mzee Gaikwad akatoa simu mfukoni, akasoma, akaguna, akainuka kwa shida.

"Mheshimiwa, mwenzangu Ranade yuko juu anamalizia dhamana. Naomba hii isogezwe kidogo."

Habari za kiti zilikuwa zimemfikia hata hakimu. Akauliza, "Kwani mmeshapatana?"

"Hatujapatana, Mheshimiwa. Lakini watu wasilale nje kwa ajili ya kiti."

Hakimu akaiweka kalamu chini. Mama alipoingia akihema, kesi ilisikilizwa yote, na amri imeongezwa hadi hukumu itakapotolewa. Tuliporudi tulilikuta tingatinga limeegeshwa njiani. Kufika jioni lilikuwa limeondoka.

Namsifu sana binti yule. Nimebeba zege la majumba ambayo aliyeyachora hajawahi kupika. Unalikuta jiko zuri halina pa kutua sufuria. Yeye alikaa kwanza na wenye kazi, ndipo akajenga. Nilimwona uani nikamshukuru. Akasema nimshukuru mzee. Nikaenda kwa mzee, naye akaniuliza kama mama yule amekiachia kiti.

Msalimie Mama, Shemeji Mangra, na mdogo wetu Sukhmani, umwambie kaka yake anajivunia masomo yake. Mungu awalinde, ghala lenu lisikose nafaka.

Kibanda sasa kinaweza kubaki na kufuli peke yake. Msimamizi wa kazi amekubali nipumzike kabla ya Diwali, kwa hiyo Sohrai, sikukuu yetu ya mifugo, ikianza nitakuwa nimekwisha kufika, na pembe za ng'ombe mwaka huu nitazipaka mafuta mimi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Birsu Lakra