Kutoka Sombe Mpaka Wali wa Kindu

Jumanne, 8 Julai

Nimepita njia yote peke yangu tena. Upepo, vumbi, baridi ya kukata masikio. Kwa Mama Nabintu sombe, kisamvu chetu, inatwangwa vizuri, kinu kiko mahali pake. Kwa Tesfaye, yule Muhabeshi wa kahawa, viti vimeongezeka. Mtaa wa mafundi cherehani umejaa matope ya bomba linalovuja, ila kufika Jumamosi yatakuwa yamekauka. Mwisho, uwanja wa Mama Zainabu. Mkeka, birika la kunawa, wali wa Kindu, mji wa kwao Kongo. Hapo ndipo matembezi yangu yanapomalizikia, na hapo ndipo wageni wanapoacha kutazama saa.

Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, watu wanaijua kwa foleni na mahema. Mimi ninaitembeza kwa mdomo. Sombe, chapati na maharage ya Warundi, kahawa, wali. Nilikuwa mwalimu Bukavu. Hii ni kazi ileile, tofauti ni kwamba wanafunzi wanakula.

Habari kubwa: Jumamosi ya wiki ijayo anakuja Ayumi, Mjapani anayefundisha Lilongwe. Anamleta mama yake. Na mama yake ni gîde, mtembeza wageni, kama mimi! Kwao kuna mji wenye hekalu la zamani, naye anawapitisha wageni kwenye vichochoro vyake kuonja tofu, ile jibini ya soya, achari na vitumbua vya mchele. Dieudonné, mume wangu, amecheka mpaka sindano ikamdondoka. Anasema ni kama fundi kumshonea fundi suruali.

Jumamosi, 12 Julai

Siku mbaya.

Wageni wa leo walitoka Lilongwe, watu wa ofisi. Mpaka kwenye kahawa mambo yalikwenda sawasawa. Mmoja, bwana mnene mwenye kamera, alikula chapati kama mtu aliyetoka jela. Nilimpenda.

Tukafika kwa Mama Zainabu. Mjukuu wake alikuwa anaoga kwenye beseni, uchi, anacheka na maji. Yule bwana akapiga foto. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba hapana, tafadhali. Akatabasamu, akapiga nyingine.

Mama Zainabu aliinuka. Alifunika sufuria. Akamtoa mtoto majini, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Wali ulikuwa tayari, harufu imejaa uwanja mzima, na sisi tumesimama pale kama watu waliokosea msiba.

Nimewarudisha kwa Warundi, wakala chapati tena. Nina hasira. Na yule bwana, na sauti yangu ndogo. Darasani sikuwa na sauti ndogo.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada nilienda kwa Mama Zainabu. Alinikaribisha, akanipa chai yenye tangawizi, akaniuliza habari za Dieudonné. Heshima tupu. Ningependa zaidi anitukane.

Mwisho akasema:

"Mi sitapikia tena bageni bako, Mama Nsimire. Mujukuu wangu haiko chakula ya kuonjesha bantu."

Halafu akanieleza, polepole, akitazama chai yake. Kwa baba yake, Kindu, wachuuzi walishuka kwenye treni na mitumbwi, wakaja kula bila kuitwa. Mgeni alikaa kwanza. Alitazama nyumba baadaye, akishashiba, na hata hapo kwa adabu. Hapa anatazama kwanza. Anakuja kuona tumeteseka namna gani, halafu anakula na wali juu yake.

Nilikunywa chai yote, nikarudi nyumbani. Nimelia kidogo nikimenya viazi.

Jumatatu, 14 Julai

Dieudonné anasema wali ni wali, mtu yeyote anapika. Tukamwomba Mama Nabintu ajaribu.

Mama Nabintu ni malkia wa sombe. Wali wake ni uji. Dieudonné alikula kijiko kimoja, akasema kwa heshima kubwa kwamba unafaa kubandikia matangazo. Mama Nabintu mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Nami nimecheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Lakini Dieudonné amekosea. Hata ungekuwa wali mzuri. Wageni hawamalizi safari yao kwenye sufuria. Wanaimaliza kwa Mama Zainabu, akiwa amekaa, kitambaa kichwani, akiwasimulia reli na mto mpaka wanasahau wako kambini. Hata mimi ninasahau.

Jumatano, 16 Julai

Nimepata ruhusa ya kutoka, nimekwenda Lilongwe. Pale Kanengo malori ya tumbaku yamesimama mstari mrefu, harufu yake tamu inashika nguo. Nikapita soko la Mchesi kununua binzari na mawese. Kisha kwa Ayumi, kumwambia ukweli kabla hajafika: huenda matembezi yasiwe na mwisho.

Mama yake anaitwa Hisako. Mfupi, nywele fupi nyeupe, mikono ya mtu wa jikoni. Kabla sijaeleza lolote alinipa kisu, tukakata figili pamoja. Nilishangaa jinsi nilivyotulia.

Nikasimulia kila kitu, Ayumi akitafsiri. Mama Hisako alisikiliza bila kuacha kukata. Halafu akasema hata kwao ni hivyohivyo. Wageni wanawafuata wanawake wanaokwenda hekaluni, wanawapiga foto mgongoni na usoni. Mzee mmoja mtengeneza tofu alichoka, akawafungia wageni mlango. Nikauliza alifanyaje mpaka mzee akafungua. Nilikuwa nimeshika kisu, nasubiri dawa.

Akajibu kwamba hajafungua mpaka leo. Mama Hisako anapita na wageni mbele ya mlango ule, hawasemi kitu. Yeye mwenyewe bado ananunua tofu kwake, kama jirani.

Basi. Ndiyo dawa yote. Nimerudi nimevunjika moyo, nimebeba chupa ya achari ya figili. Dieudonné ameimaliza nusu.

Alhamisi, 17 Julai

Sikwenda popote. Nimefua. Nimewaza. Mpaka sasa nimefikiria namna ya kumrudisha Mama Zainabu. Sijamuuliza anataka nini.

Ijumaa, 18 Julai

Nilisubiri swala ya Ijumaa iishe. Nikamkuta na ungo, anachambua mchele. Nikakaa, nikachambua naye. Sikumwomba apike. Nilimwambia uwanja ni wake, na siku zote nimeingiza watu kwa sheria zangu. Yeye angeweka sheria gani?

Alitoa mawe mawili, akapeta. Nilidhani hatajibu. Kisha sheria zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyezificha chini ya kitanda siku nyingi. Wapige hodi. Wakae kabla ya kutazama. Telefone zibaki mfukoni. Kila mtu aseme jina lake na kwao wanakula nini, maana yeye hawezi kulisha watu asiowajua. Na wafanye kazi.

"Mwenye hachambue muchele, hakule."

Nikasema sawa kwa zote. Nikauliza, basi kesho? Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

"Nitaangalia sura zabo kwanza."

Sijui kama nimefaulu au nimefukuzwa kwa upole.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike kabla sijasahau hata kitu kimoja.

Walikuja Ayumi, Mama Hisako, na walimu wenzake Ayumi, Wamalawi wachangamfu. Niliwaeleza sheria hapohapo sokoni, kwa sauti ya darasani. Hakuna aliyenuna.

Watoto walipomwona Mama Hisako wakaanza kupiga kelele, Chaina, Chaina. Nilitaka kuzama ardhini. Yeye akasimama, akawainamia, mmoja mmoja. Watoto wakanyamaza. Mmoja akainama naye. Halafu wote. Tulipofika mtaa wa mafundi kila mtu alikuwa anainama, hata mafundi, hata Dieudonné aliyeinuka kwenye cherehani yake na kuinama kama waziri.

Kwa Mama Nabintu, Mama Hisako aliomba mchi. Kwao wanatwanga wali mpaka unakuwa donge, Ayumi alieleza. Wakatwanga sombe kwa zamu, huyu akipandisha, yule akishusha, bila kugongana hata mara moja. Mama Nabintu aliniambia nimwache huyo mama hapa, atafutiwe mume. Kwa Tesfaye walikunywa vikombe vyote vitatu vya desturi ya Kihabeshi.

Halafu njia ya kwa Mama Zainabu.

Mlango umefungwa. Hakuna moshi. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Mkeka ulikuwa umetandikwa, lakini mkeka si jibu. Walimu walinitazama.

Mama Hisako akavua viatu, pale kwenye ua, bila kuambiwa. Akavigeuza ncha zitazame njia, akavipanga sawasawa. Akaja kukaa mwisho kabisa wa mkeka, magoti yamekunjwa, macho chini. Ayumi akafanya vilevile. Walimu nao. Tukakaa wote pale kwenye baridi, kimya. Sijawahi kuongoza wageni waliokaa kimya hivyo.

Pazia likasogea kidogo. Likarudi. Mlango ukafunguliwa.

Mama Zainabu alitazama viatu kwanza. Vile viatu vilivyopangwa. Kisha akamtazama mwenyewe.

"Huyu mama anajua kuingia mu nyumba ya bantu," aliniambia. Akarudi ndani, akatoka na ungo, akauweka mbele ya Mama Hisako.

Walichambua mchele pamoja, wazee wawili, vichwa vimekaribiana. Hakuna neno hata moja wanaloelewana. Mama Zainabu alimpiga Ayumi kidogo mkononi kwa kuacha jiwe. Mama Hisako akacheka, akampiga kwenye mkono wa pili. Moto ukawashwa. Kila mtu akasema jina na chakula cha kwao. Mwalimu mmoja alisifu nsima, ugali wa bibi yake, kwa urefu kama mahubiri. Mama Hisako akasema kwao asubuhi wanakula wali, supu na achari, na kwamba yule mzee wa tofu angependa uwanja huu. Nilipotafsiri, Mama Zainabu aliuliza mzee gani. Nikamsimulia. Akatikisa kichwa, akasema mzee ana haki.

Tukala. Wali, samaki, mawese. Kisha akasimulia: mto wa Kindu, treni inayochelewa, baba yake akihesabu sahani kwa kusikiliza nyayo za wageni. Nilitafsiri huku machozi yananitoka. Nikasema ni vumbi. Hakuna aliyeamini.

Mjukuu alitoka mwenyewe, kavaa sweta, akala samaki kwenye sahani ya Mama Hisako. Hakuna telefone iliyoonekana. Wakati wa kuaga Mama Zainabu mwenyewe akaniita, anataka foto. Nilidhani sikusikia.

"Ya sufuria," akasema. "Sufuria haina haya."

Basi Ayumi akaipiga foto sufuria, tupu, imekombwa, na mama zetu wawili pembeni wakiishikilia, kila mmoja sikio moja la sufuria.

Nina furaha. Miguu inauma. Nina furaha.

Jumanne, 22 Julai

Mama Zainabu ametuma mtu aniite. Nilikwenda haraka, nikidhani kuna lawama mpya.

Hakuna lawama. Hakuna mgeni. Jua la mchana, upepo umelala. Alikuwa amepika maharage na wali kidogo, wa watu wawili. Tukakaa chini ya ukuta ambapo kuna joto.

Akaniuliza kwetu Bukavu tulikula nini, zamani, mama yangu akiwa hai. Nikafungua mdomo nianze kueleza kama ninavyowaeleza wageni. Nikafunga. Watu nimewaonyesha sombe ya Nabintu, kahawa ya Tesfaye, wali wa huyu. Mimi mwenyewe hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikamweleza sambaza, dagaa za ziwani kwetu. Mama yangu alizikaanga kavu, akaziweka kwenye bakuli la bluu, nasi tukaziiba zikiwa moto, zikituunguza vidole, naye akijifanya haoni.

Akataka kujua alitia chumvi kabla au baada. Kabla, nikasema. Halafu nikakumbuka vingine. Tuliongea mpaka jua likatoka ukutani, tukasogeza mkeka, tukaendelea.