Mashine ya Herufi M

Dada mpendwa,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mdogo wako sasa anavaa miwani ya kusomea. Kazini wanasema nafanana na mwalimu mkuu aliyekosa shule. Baada ya tangazo hilo zito, hujambo? Goti la shemeji linaendeleaje? Sisi wazima, ila usingizi umenihama.

Unajua natunza picha za eksirei za hospitali. Zinakaa kwenye mashine sita za kuhifadhia, na mimi ndiye niliyezigawia wagonjwa kwa herufi ya kwanza ya jina, kama daftari la mahudhurio. Nilijiona bingwa! Sikuwaza kwamba watu wa herufi M ni utitiri. Mama Pacha, mwenzangu kazini kwa miaka tisa, alicheka siku ileile, akasema nimembebesha punda mmoja magunia yote, wenzake wanabeba kofia. Nikamwambia aache wivu.

Mwezi huu mashine ya M ilijaa. Kwenye kioo cha ofisini, jumla ilionyesha nusu ya nafasi bado ipo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini mashine ikifika kikomo chake, nafasi ya jirani haiisaidii. Kwa siku sita ilikataa kila picha, na chumba cha eksirei hufuta zake baada ya siku tatu. Bibi mmoja aliyevunjika nyonga ilibidi apigwe picha upya. Nilimsikia akilia walipomgeuza.

Mkurugenzi aliuliza zamu ya siku hizo ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya Mama Pacha. Wamemsimamisha, na Ijumaa wanakaa kumfukuza. Aliapa hakusikia king'ora cha mashine. Wakamjibu kwamba king'ora hakisinzii, anayesinzia ni mtu.

Dada, hakusikia kwa sababu hakikulia. Nilikizima mimi. Kilikuwa kinalia kila asubuhi kuonya kwamba ile ya M inakaribia kujaa. Dawa ilikuwa kugawa upya, na kukiri mbele ya Mama Pacha kwamba alisema kweli. Niliona haya. Nikakizima, nikajiambia wiki ijayo. Na walipokuwa wakimhoji, nilikaa kiti cha pembeni yake, nikatazama viatu vyangu, sikufungua mdomo.

Kesho asubuhi nakwenda kwa mkurugenzi. Barua hii ikikufikia, huenda sina kazi tena. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza. Msalimie shemeji, na watoto wote mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba