Karatasi ya Walio Hai

Dada yangu mpendwa Miroslava,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka chini ya jengo ambalo zamani lilikuwa shule ya muziki. Mimi ni mzima na kikohozi kimenitoka. Sijui nyinyi huko. Viazi mmemaliza kuchimba? Mgongo wa mama unasemaje na baridi hii? Mwambie soksi zake zimefika, moja ndefu kuliko mwenzake, nami nazivaa hivyo hivyo.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nimempa Solomia, muuguzi wetu, anayekuja likizo upande wenu, na nimemwomba akae nawe mpaka umalize kusoma.

Bado tunapigania mji huu, kama bado unastahili kuitwa mji. Mtaa mmoja wenye nyumba tisa umetuchukua wiki saba. Tukiingia ghorofa ya chini, Warusi wako ya tatu. Tukifika ya tatu, jengo lenyewe halipo. Wakitoka watu kumi asubuhi, hurudi sita, siku nyingine wanne. Mimi bunduki siishiki sana. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa hesabu, nimefanywa karani wa kikosi, niandike nani yupo, nani kajeruhiwa, nani kafa na nani hajulikani alipo.

Redioni Warusi wanasema wametuua maelfu hapa. Wetu wanasema wao ndio waliokufa, tena mara saba yetu. Wataalamu wa nchi za mbali wanatoa tarakimu ya katikati, kisha wanagombana juu yake. Juzi kamanda wetu Havrylo, mtu mnene asiyechuja maneno, aliizima redio akasema, "Kwa hesabu yao kikosi hiki kimekwisha mara tatu. Nipisheni, marehemu anataka chai." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Lakini daftari lilikuwa mapajani mwangu, na nilijua hata hesabu yetu sisi ina uongo ndani yake.

Iko hivi, dada. Mtu ambaye mwili wake haujaletwa huandikwa hajulikani alipo, mpaka wapatikane mashahidi wawili waliomwona akifa. Na hapa miili inabaki chini ya zege. Kwa hiyo orodha ya wasiojulikana inarefuka, ya waliokufa inabaki fupi, na wakubwa hawalalamiki.

Mumeo, shemeji yangu Nestor, yumo kwenye orodha hiyo ndefu tangu Machi, kwa mwandiko wangu. Wiki iliyopita ulinisimulia kwenye simu jinsi ulivyosimama na picha yake barabarani, pale yanapopita mabasi ya mateka walioachiwa, na mmoja wao, amekonda hata shingo haibebi kichwa, akaitazama akasema huenda alimwona. Ulilia kwa furaha. Ukasema kila Jumapili unaliandika jina lake kanisani kwenye karatasi ya kuombea walio hai, si ile ya marehemu, na padri alipokuuliza kwa upole kama una hakika, ulimjibu, "Mdogo wangu ndiye karani. Nestor angekuwa amekufa, angeniambia."



Dada, Nestor amekufa. Alikufa tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, mlangoni mwa duka la mikate. Nilikuwa nikitazama kwenye skrini pamoja na Tymko, anayerusha droni. Nestor alikuwa ameshatoka salama, akarudi kumvuta mwenzake aliyevunjika mguu. Nilimjua kwa skafu ya kijani uliyomfumia. Kombora lilipiga hapo hapo. Nilimwona vizuri, na zaidi ya hapo sitakuandikia. Jioni jengo zima likamshukia.

Tymko alitia sahihi siku ile ile. Sahihi ya pili ilipaswa kuwa yangu, nikasema sikuona vizuri. Havrylo alinitazama, akajua, akaipokea karatasi hivyo hivyo. Nilijidanganya kwamba nakuachia tumaini kidogo, mpaka Pasaka ipite, mpaka viazi vichimbwe. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mimi ndiye niliyemshawishi aje kikosi hiki ili tuwe pamoja, na sikutaka mkono huo huo ukufanye mjane.

Leo asubuhi nimetia sahihi. Karatasi inakwenda wilayani, na wiki ijayo lile gari la kijivu la jeshi litaingia kijijini. Unajua watu wanavyotoka mageti yao kutazama litasimama kwa nani. Sikutaka uambiwe na gari. Nitukane, usipokee simu yangu mwaka mzima, nastahili. Ila Jumapili hii, usiliandike jina lake kwenye karatasi ile. Chukua ile nyingine.

Mama umweleze taratibu, ukishapata nguvu, na umsalimie sana. Mbusu mwanao Zlata. Mwambie watu watabishana miaka mingi ni wangapi walikufa hapa, lakini baba yake alirudi kumchukua mwenzake, na hilo nililiona kwa macho yangu.

Na jina langu, dada, kama mkono wako utakubali, liache kwenye karatasi ya walio hai.

Ni mimi mdogo wako,
Ostap