Posa ya Mpiga Saksafoni

Mdogo wangu Mwanahawa, hamjambo huko Pangani? Mama mpe shikamoo yangu, Shangazi Tatu mwambie mguu wangu haujambo, Saidi na Zuhura nawabusu, na kale kadogo pia.

Hapa Bagamoyo nimekuja kumposea mwanangu Salumu. Baba wa binti akauliza, "Kijana anafanya kazi gani?" Nikasema anapiga saksafoni kwenye bendi ya jazi. Akasema, "Hilo mtaa mzima tunalisikia. Nauliza kazi." Kwa hofu nikajibu ni fundi cherehani, maana mpiga dramu wao ndiye fundi. Mzee kafurahi, anataka Salumu amshonee kanzu ya harusi, naye mwenyewe akae pale amtazame akishona. Salumu hata kifungo hajui kukishika.

Mungu awaweke. Mwambie mumeo, kwa kuwa naye ni fundi, aje na cherehani yake amfundishe Salumu, nawe nijibu upesi, mzee keshanunua kitambaa.

Dada yako, Mama Salumu