Mama Yako Alikataa Mgomba

Naliaka wangu,

Wee, ungenicheka. Sasa mimi ndiye ninayelala kwenye kile kitanda chako cha chuma nyuma ya jikoni, pale Sulimaniyah, kinacholia kila ukijigeuza. Ulipofariki watoto walimkataa kila mfanyakazi aliyeletwa, basi madam akanitoa huku Jeddah kwa mama yake, akanipeleka Riyadh nikae nao. Hata sare yako ya buluu ndiyo ninayovaa. Inanibana kifuani na kuburura chini. Ulikuwa mrefu bure, wewe.

Nakuandikia kutoka Ruwais, huku Jeddah. Tumekuja kumtembelea bibi, mama yake madam, kwa sikukuu, na nimepewa kile chumba chetu cha juu, tulichokuwa tukisongea ugali wa samolina kwenye jiko la umeme kila walipokuleta. Unakumbuka ulivyokuwa ukiulalamikia? Ulisema huo si ugali, ni uji uliokosa adabu. Kisha unakula mpaka unalamba mwiko. Jana niliusonga kidogo, nikaonja tonge moja, nikashindwa. Niliumwagia njiwa.

Nina habari na sijui nianzie wapi. Acha nianze na kisiwa.

Kila kiangazi walipokuwa wakikupeleka kwa Wagiriki kulea watoto, nami nikibaki hapa na bibi, ulikuwa ukinitumia sauti kwa simu. Nyumba nyeupe, madirisha ya buluu, paka wengi kuliko watu. Uliniambia, "Nekesa, hiki kijiji wenyewe hawamo. Nyumba wamewapisha wageni, wao wanalala stoo." Nilidhani unatia chumvi. Mwaka huu nimekwenda kwa macho yangu. Kweli, mashua za kuvulia samaki zinabeba wazungu kuwazungusha ghuba, na samaki wanaletwa na lori wakiwa kwenye barafu. Mchanga wote umejaa viti vya kukodi, ukitaka kukaa chini bure utafute jiwe. Wenyeji wanapika, wanatandika, wanaosha sahani, wanatabasamu. Nikasema moyoni, kumbe hata hawa ni mahausigeli kama sisi, tofauti ni kwamba wao wako kwao.

Na nimeyaona yale maji. Ni mazuri, Naliaka. Yananichukiza.

Yule mwanamume wa kukodisha viti anajua Kiingereza. Alinionyesha mahali penyewe. Alisema upepo ulilisukuma boya la Lulu, yule mtoto wa madam, kwenda kilindini, na wewe ukaingia na sare yako na viatu vyako, wala hukupiga kelele. Alipofika ulikuwa umemwinua mtoto juu ya kichwa kwa mikono miwili. Alimpokea Lulu, akageuka kukushika wewe, hukuwepo. Sisi watu wa Bungoma tunajua kuchota maji, hatujui kuyaingia. Nani alikudanganya? Lakini Lulu yupo. Ameota meno mapya ya mbele. Hakanyagi maji kabisa, anakaa kwenye kiti amevaa viatu vyake na soksi, jua lote lile.

Walikuzika hukohuko. Kafili, mwajiri wetu, alisema karatasi za kusafirisha maiti ni shida, madam akalia, akasema Mungu akurehemu, halas, ikaisha. Kwao iliisha. Kwenu haijaisha mpaka leo, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Wazee walimwendea mama yako wakamwambia akate shina la mgomba, azike badala yako, msiba uishe watu warudi mashambani. Unamjua mama yako. Aliwaambia, "Mgomba huzikiwa mtu aliyepotea. Mtoto wangu hajapotea. Watu wanajua alipo, ni kuniletea tu ndiko wamekataa." Akawafungia mlango. Na kwa kuwa hapajawa na maziko, hajanyolewa. Dada yako alinitumia picha. Nywele zimekuwa nyingi, nyeupe, zimesokotana, na watoto wa jirani wanamwogopa. Mama yetu aliyekuwa nadhifu vile! Nilipompigia kumwambia ninapelekwa kisiwani, alisema maneno machache: "Mwone. Usirudi mikono mitupu."

Basi siku moja baada ya chakula cha mchana, madam na watoto wamelala, nilipanda makaburini nyuma ya kanisa. Ni padogo, kama uwanja wa kuanikia mahindi wa mtu mmoja. Upande wa pili wa ukuta hoteli imechimba bwawa la kuogelea, na wakati wote niliokuwa pale watu walikuwa wakirukia majini na kupiga mayowe ya raha. Nilimtumia yule mwenye viti ujumbe aniambie kaburi lako ni lipi. Alinijibu nimngoje, anakuja. Sikungoja.

Nilikuta kaburi moja limefukuliwa. Pembeni ameketi mwanamke mzee mwenye nguo nyeusi, mfagiaji vyumba wa hoteli yetu, na mbele yake beseni. Ndani ya beseni ni mifupa.

Naliaka, nilipiga nduru iliyonyamazisha bwawa. Wewe unajua kwetu anayefukua mifupa ni nani. Niliona mchawi, mchana kweupe, na beseni la hoteli! Nilimtukana matusi yote ya Kibukusu ninayoyajua, niliokota jiwe, na ningemponda, nakuapia, kama yule mwenye viti hangefika mbio akanishika mkono.

Alinieleza huku anahema. Ardhi yao ya tambarare imemezwa na mahoteli, na hata zamani haikuwa nyingi. Kwa hiyo maiti huazimwa kaburi miaka michache tu, kisha hutolewa kumpisha mwingine. Ndugu zake huja kuosha mifupa kwa divai na kuiweka kwenye kisanduku ndani ya kijumba pale pembeni. Ndiyo heshima yao. Asiye na mtu hutiwa kwenye gunia na kumwagwa shimoni pamoja na wengine. Zamu yako ilikuwa imefika, na wewe hukuwa na mtu. Yule mama mzee alisema hutatiwa guniani. Alinunua divai yeye mwenyewe.

Ndipo nilipokumbuka sauti yako kwenye simu: "Kuna shosho hapa tunakunja naye mashuka. Hatuelewani hata neno, lakini tunacheka!" Ndiye huyo. Na mimi nilikuwa nimemshikia jiwe.

Nilitazama ndani ya beseni kwa mara ya kwanza. Ule mwanya wako, jameni. Wanaume walikuwa wakipotea njia kwa ajili ya mwanya huo. Ulikuwa palepale, unanitazama. Niliketi chini.

Kisha nikakunja mikono ya sare. Niliogopa, sikufichi. Nilijua hakuna mtu kwetu aliyewahi kufanya jambo hili akasalimika mdomoni mwa watu. Lakini ningemwachia mgeni kazi yangu? Yeye aliosha, mimi nikaosha. Yeye aliomba kwa lugha yake, mimi kwa yetu. Wewe mlokole usiyenusa hata pombe ya busaa, nimekuogesha kwa divai tangu kichwa hadi kidole. Utanisuta tukionana.

Nilipokuwa nikipangusa taya, jino moja la kando ya mwanya lilitoka lenyewe likabaki kiganjani. Nilishtuka nikataka kulirudisha. Yule shosho alivifunga vidole vyangu juu yake, akavikaza kwa mkono wake, akatikisa kichwa. Hapo hatukuhitaji mkalimani.

Jioni nilimwomba madam tukubebe. Kisanduku si kikubwa, kingeingia kwenye sanduku la nguo za watoto. Akasema, "Mafi, hakuna, Nekesa. Mifupa uwanja wa ndege? Mafi." Hakusema kwa ubaya, na alifuta machozi. Nilimchukia hata hivyo, na bado sijamaliza kumchukia. Basi umebaki kwenye kijumba cha wenyewe, jina lako limeandikwa kwa rangi ya buluu, herufi zote sawa, nilisimamia.

Lakini jino nililishonea kwenye pindo la abaya. Tulipita ukaguzi wa kule na wa Riyadh, mashine haikulia.

Juzi nilimpigia mama yako. Nilimweleza yote, hata divai. Akauliza kama nilikushika kwa mikono yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Alikuwa mwepesi?" Nikasema alikuwa mwepesi, mama. Hapo akalia, kilio kile tulichokuwa tukikingoja miaka hii yote. Alipotulia alisema jino ni mtu. Alisema nitaoshwa kwa dawa kabla ya kula nyumbani kwake, na hilo lisiniudhi. Na alisema kaburi halitakuwa kishimo cha jino. Litachimbwa urefu wako wote, kando ya baba yako, na wachimbaji wasithubutu kupunguza hata shubiri.

Kwa hiyo tulia, Naliaka. Paspoti yangu iko kwa kafili na mkataba haujaisha, lakini utaisha, na sitasaini mwingine hata wakinililia watoto. Mpaka siku hiyo unakaa na mimi. Ninapofagia, unafagia. Ninapokaripiwa, unasikia.

Lala salama pindoni mwangu. Nitakufikisha. Nitakuweka chini kwa mkono huuhuu, watakufunika kwa udongo wetu mwekundu, na ukishalala, mama yako atatoka uani, atakaa kwenye kigoda, atainamisha kichwa anyolewe.

Wako,
Nekesa